Soksi za Doris

Mwalimu Generoza alikuwa amekipamba kishikwambi chake kama bibi harusi. Kilikaa katikati ya meza ya sebuleni kwake Mikumi, kimefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na nilipokifunua nikakuta ile nailoni ya kiwandani bado imeganda juu ya kioo. Alikuwa nacho mwaka wa pili.

"Hiki unakitumia au unakifuga?" nikamuuliza.

"Nakitunza. Ni mali ya umma."

"Na hii nailoni?"

"Nayo ni mali ya umma."

Nilikuwa nimetoka Kilosa asubuhi hiyo ya Jumamosi, nimeacha nguo zimelowekwa na watoto hawajala, kwa sababu Alhamisi alinitumia ujumbe wa sauti wenye maneno machache tu: "Mwanakheri, wanataka kuninyang'anya watoto." Nilipompigia akanieleza. Mwalimu mkuu wake, Mwalimu Optatus, ameamua kila mwalimu wa madarasa ya chini atafundisha kipindi kimoja kwa kutumia kishikwambi, yeye akiwa amekaa nyuma na daftari lake. Zamu ya Generoza ni Jumatano. Akishindwa, darasa la pili linakwenda kwa Bryson, kijana aliyeajiriwa juzi, na Generoza anapewa stoo ya vitabu mpaka siku atakayostaafu.

Ana miaka hamsini na saba. Darasa la pili amelifundisha miaka ishirini na sita, na nusu ya wazazi wanaokuja kwenye vikao aliwafundisha yeye kusoma. Ukimpa stoo ya vitabu umemzika na panya.

Mimi nilihusika kwa sababu ya cheti. Mwaka jana nilihudhuria mafunzo ya siku nne Morogoro, ya kupanga masomo ya watoto wadogo kwa kutumia vishikwambi, na tangu hapo mwalimu yeyote aliyekwama hupewa namba yangu. Generoza hakuhitaji kupewa. Tulifundisha shule moja pale Magomeni, Kilosa, kabla hajahamia Mikumi, na ndiye aliyenipokea nilipotoka chuoni na stashahada yangu mpya, nikidhani najua kufundisha. Tena ni mtani wangu. Yeye wa milimani, mimi wa bondeni. Shikamoo yake nampa kila siku bila kukosa, baada ya hapo mengine yote ni halali.

Nikaanza na nailoni. Nilipoibandua, Generoza aligeuza uso kama mtu anayechomwa sindano.

"Haya, gusa hapo," nikamwambia.

Akagusa. Kioo hakikumsikia. Akagusa tena, akabonyeza, akagonga kwa kucha kama anayebisha hodi. Vidole vya mtu aliyeshika chaki miaka yote hiyo vimekauka, kioo hakivitambui. Akafanya kile afanyacho akisahihisha madaftari: akalamba ncha ya kidole, akagusa. Kikafunguka mara moja.

"Dada, hilo si daftari."

"Nikikilamba kinanisikia."

"Na mafua ya watoto wako wote nayo yanakusikia. Utazimia mbele ya Optatus."

"Nikizimia ataahirisha," akasema, akalamba tena.

Nikaona hapo nitapoteza siku nzima. Nikatoa andalio la somo nililokuwa nimemwandalia tayari, kurasa mbili, safi, limechapwa. Nilijivunia kazi ile. Mada ilikuwa wanyama. Kulikuwa na video, mjadala wa vikundi, mchezo, wimbo, zoezi na tathmini. Generoza akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu kabla hata hajasoma neno la kwanza. Nikajisikia nina miaka ishirini na mitatu tena.

"Tembo," akasema.

"Ndiyo. Video ya dakika nne, tembo anakunywa maji mtoni. Nzuri sana, huko Morogoro kila mtu aliipenda."

"Mwanakheri, mwezi uliopita tembo wamemaliza mahindi ya bibi wa mtoto wangu mmoja, wamebakiza mabua. Ukiwaonyesha watoto hawa tembo, watakuuliza yuko upande gani ili wakimbilie upande mwingine."

Hilo kweli sikulifikiria. Kwetu Kilosa tembo ni kitu cha kwenye picha.

Akaendelea kusoma. Pembeni ya ukurasa akaanza kupiga hesabu kwa ile kalamu nyekundu. "Kishikwambi kimoja. Watoto tisini na wanne. Kipindi dakika thelathini, ambazo ni sekunde elfu moja mia nane. Kila mtoto anapata sekunde kumi na tisa za kukitazama, na hapo hatujasalimiana." Akainua macho juu ya miwani. "Huko Morogoro mlikuwa wangapi darasani?"

"Ishirini na wawili."

"Na vishikwambi vingapi?"

"Ishirini na viwili."

Aliifunika kalamu kifuniko chake, taratibu, akaiweka juu ya andalio langu. Nimewahi kutukanwa na watu wengi, hakuna aliyeniweza kama ile kalamu.

Tukanywa chai. Nilimwambia basi afundishe yeye, mimi nirudi kwenye nguo zangu. Akacheka, akanisukumia sahani ya mihogo. Kisha akauliza swali ambalo mimi mwenye cheti sikujiuliza hata siku moja.

"Hiki kitu kinatoa sauti?"

"Kinatoa."

"Inaweza kuongezwa?"

"Ukikiunga na spika, kwa waya. Lakini spika ya nani?"

"Ya kwaya. Naimba sauti ya pili pale kanisani tangu hujaolewa, hawawezi kuninyima." Akavuta kaunta buku lake. "Picha haifiki dawati la nyuma. Sauti inafika. Nina somo la kusikiliza: mtoto abaini mlio, kisha asikilize habari na aieleze kwa maneno yake. Sasa niambie, ni kitu gani kinalia huko kwenu ambacho watoto wangu hawajawahi kukisikia?"

"Treni."

"Si umeona. Nenda ukanirekodie treni."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikwenda Mikumi kumfundisha mtu, nikarudi Kilosa nimepewa kazi ya nyumbani. Kabla sijaondoka nilijitahidi kurudisha heshima yangu kidogo. Nikamwambia aandike sheria ya kwanza ya mafunzo yetu: zana yoyote ya sauti au video, mwalimu aisikilize mwenyewe mwanzo hadi mwisho kabla ya kuiingiza darasani. Nikarudia: mwanzo hadi mwisho. Akaiandika kwa mwandiko wake ule wa kwenye vitabu vya kusomea, akapigia mstari. Nikafurahi kwamba leo mimi nasema na yeye anaandika.

Jumapili nilisubiri treni. Treni ya umeme haifai kwa somo kama hilo, inapita kimya kama mwanafunzi aliyechelewa kuhesabiwa namba asubuhi. Nilitaka ile ya zamani, ya mizigo, inayopiga honi mpaka masufuria yanatikisika. Nikaning'iniza kishikwambi changu kwenye kamba ya nguo, nikakibana kwa vibanio vinne, nikasikia inakuja, nikabonyeza kurekodi. Ikapiga honi, ikanguruma, mabehewa yakapita moja moja, safi kabisa. Hapo maharage yakaanza kunuka. Nikakimbia jikoni, Doris binti yangu akapita na ndoo yake, tukaambizana mambo mawili matatu ya nyumbani, nikarudi, nikazima. Nikaituma kwa WhatsApp hivyo hivyo, mkono mmoja mwiko.

Jumatatu mchana Generoza akajibu kwa maandishi. "Nimepokea. Nimesikiliza mwanzo hadi mwisho. Ahsante sana Mama Doris."

Nilishangaa kidogo. Miaka yote ananiita Mwanakheri. Lakini sikulifuatilia, nilikuwa na madaftari sitini ya kusahihisha.

Jumanne niliomba ruhusa nikaenda Mikumi jioni, nilale kwake ili asubuhi niwe naye. Nilimkuta anachambua mchele, ametulia kama mtu asiye na habari ya kesho. Spika ya kwaya ilikuwa pembeni ya mlango, imefunikwa kitambaa chake cha kufuma. Nikaomba nione andalio la somo.

"Utaliona kesho, kama wageni wengine."

"Mimi si mgeni, mimi ni mshauri wako."

"Basi nishauri kuhusu huu mchele, una mawe."

Nilichambua mchele.

Jumatano saa tatu asubuhi darasa la pili lilijaa mpaka madirishani. Watoto wanne wanne kwenye dawati la watu watatu, waliobaki kwenye mkeka mbele. Mwalimu Optatus alikaa nyuma kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe, daftari gotini. Ni mtu mrefu, mkavu, huongea kana kwamba maneno yanakatwa kwenye mshahara wake. Pembeni yake Bryson, shati jipya, kishikwambi chake mkononi, jasho linamtoka kuliko Generoza. Mimi nilibanwa kwenye kona karibu na ufagio.

Watoto wakasimama, wakaamkia, wakakaa. Generoza akaweka kishikwambi mezani, na pembeni yake kitambaa kibichi kwenye kisahani. Akagusa kitambaa, akagusa kioo. Kikafunguka. Hakulamba hata mara moja. Nilitamani kumpigia makofi kwa hilo tu.

Kwanza akawasikilizisha mlio wa gari aliourekodi mwenyewe barabarani.

"Nini hiki?"

"Lori," wakasema.

"Lori la mafuta," mmoja akaongeza. "Linapanda."

"Lina tela," akasema mwingine, naye aliyekaa nyuma akasema breki zake mbovu. Watoto wa barabara kuu hao. Optatus akaandika kitu.

Kisha treni yangu. Honi ilipotoka kwenye spika ya kwaya, darasa zima liliruka. Mtoto mmoja wa mbele akajibu haraka, mkono juu, uso umejaa hofu na uhakika: "Tembo."

Generoza hakucheka. Alinitazama mimi, kule kwenye ufagio, muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akawaambia wasikilize magurudumu, wahesabu mabehewa kwa vidole, akachora treni ubaoni, akawaambia hiki ndicho kilichokuwa kinapita, huko Kilosa. Watoto wakaomba tena. Akabonyeza tena. Honi, mngurumo, mabehewa, yakaisha.

Safari hii hakukizima.

Nikasikia mlango wa jikoni kwangu unafunguka. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe, kubwa kama ya mtangazaji, ikitoka kwenye spika ya kanisa.

"Wewe Doris. Hizo soksi umezifua au umezionyesha maji tu?"

"Nimezifua mama."

"Njoo nizinuse."

Kuku akalia.

"Mama, hizo zilikuwa za jana."

"Za jana zimefuliwa lini? Mbuzi wa jirani amehama pale ulipozianika, unadhani amefuata majani?"

Hapo ikakatika, ndipo nilipoizima.

Damu yote ilinipanda usoni. Bryson aliinamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Optatus aliacha kuandika, akageuka akanitazama mimi, kisha akamtazama Generoza. Nikaona stoo ya vitabu imefunguliwa mlango, na ufunguo nimeuleta mimi kutoka Kilosa. Nikainuka nikamsaidie, niseme kosa ni langu, niseme chochote. Generoza akanionyesha kiganja kama mtu anayesimamisha gari. Nikakaa. Ufagio ukaanguka.

"Ni akina nani waliokuwa wanaongea?" akawauliza watoto.

"Mama na mtoto wake."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Doris," watoto tisini na wanne wakasema kwa pamoja.

"Wanaongea kuhusu nini?"

"Soksi."

"Mama amefurahi au amekasirika?"

Wengine wakasema amefurahi, wengine amekasirika, kelele zikapanda. Akainua mkono. "Sitaki kelele, nataka sababu. Umejuaje?"

Katikati ya mkeka akasimama msichana mdogo mwenye sare kubwa kumpita. Baadaye niliambiwa anaitwa Brightness na tangu Januari hajawahi kusimama mwenyewe. Aliongea akitazama miguu yake.

"Amekasirika kidogo tu. Mama akikasirika sana hasemi habari za mbuzi. Ananyamaza."

Optatus akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ahsante, Brightness. Wangapi wanasema Doris amezifua?" Mikono michache. "Wangapi wanasema hajazifua?" Msitu wa mikono. "Haya, mgeukie jirani yako, msimulie habari hii yote kuanzia treni mpaka mbuzi, kisha mwambie kwa nini unamwamini Doris au humwamini."

Sijawahi kusikia watoto wa miaka minane wakijenga hoja namna ile. Kulikuwa na mmoja anayemtetea Doris kwamba huenda sabuni iliisha. Mwingine akamjibu kwamba sabuni ikiisha unasema, husemi umefua. Mvulana wa dawati la nyuma, kule ambako picha ya tembo isingefika, alisimulia habari nzima na sauti zote mbili, na yangu aliiweza kuliko nilivyopenda. Kengele ilipopigwa hawakutaka kutoka.

Ofisini Mwalimu Optatus aliomba andalio la somo. Generoza akampa kaunta buku. Alisoma akiwa amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Mimi nikamwahi.

"Mwalimu, ile sauti ya mwisho ilikuwa bahati mbaya. Ni mimi niliyeirekodi, sikuisikiliza. Asihukumiwe yeye kwa uzembe wangu."

"Bahati mbaya?" akasema Optatus, akanigeuzia kaunta buku.

Ilikuwa pale, kwa wino wa bluu, mwandiko wa kwenye vitabu vya kusomea, tarehe ya Jumatatu. *Hatua ya tatu, dakika kumi na mbili. Wanafunzi wasikilize mazungumzo ya Mama Doris na Doris kuhusu soksi. Wataje wahusika, waeleze hisia zao, watoe sababu. Angalizo: Brightness apewe nafasi, kwao ni watoto wengi.*

"Ulijua," nikamwambia Generoza.

"Sheria ya kwanza ya cheti chako. Mwanzo hadi mwisho."

"Ungeniambia ningekuambia uikate."

"Ndiyo maana sikukuambia. Umenipa treni, nashukuru. Lakini treni inapita, mtoto anasema ni treni, basi, imeisha. Kwenye soksi kulikuwa na habari." Akanyanyua kitambaa chake kibichi, akakikamua dirishani. "Tena kwenye utani ilikuwa zamu yangu. Wewe ulinitabiria mafua."

Optatus alifunga kaunta buku akaliweka chini ya kwapa lake, kitu ambacho walimu wa pale waliniambia hakijawahi kutokea, kwa sababu yeye hurudisha tu. Akakohoa.

"Stoo ya vitabu," akasema, "itabidi nitafute mtu mwingine."

Bryson akainua mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, mimi stoo naiweza vizuri tu."

Ofisi nzima ilicheka, na hapo ndipo nilipotambua kwamba kijana yule hakuwahi kuwataka watoto tisini na wanne. Alikuwa anaogopa kushinda.

"Wewe stoo huipati," Optatus akamwambia. "Kila Jumatatu utakaa na Mwalimu Generoza mpange masomo ya wiki. Yeye akufundishe kuandika hatua ya tatu. Wewe umfundishe hicho kitu mpaka kisihitaji maji." Akaelekea mlangoni, akasimama. "Mama Doris."

"Abee, Mwalimu."

"Zilifuliwa?"

Generoza alijifunika uso kwa kile kitambaa kibichi.

Wiki iliyofuata, Ijumaa mchana, nikapokea ujumbe wa sauti kutoka Mikumi. Niliufungulia nyumbani, Doris akiwa anapita na ndoo. Kwanza Bryson akisema, "Gusa hapo Mwalimu, hapana, taratibu, kavu hivyo hivyo." Kisha sauti nyingi kwa pamoja, za darasa la pili lote la Mwalimu Generoza: "Shikamoo Mama Doris. Je, Doris alifua soksi?"

Doris aliweka ndoo chini. Ana miaka kumi na mitatu, yuko kidato cha kwanza, jina lake analipenda sana.

"Mama. Wananijua mpaka Mikumi?"

"Tisini na wanne. Na mwalimu mkuu."

"Kwa soksi?"

"Ulitaka wakujue kwa nini, kwa hisabati?"

Alikwenda ndani, akabamiza mlango. Nikaendelea kukata mboga. Baada ya kama robo saa nikasikia maji, kisha brashi, brashi ya kweli, ya mtu anayesugua. Akatoka na soksi mbili mkononi zikidondosha maji, nyeupe kiasi ambacho sikuzitambua.

"Rekodi," akasema. "Nawajibu mwenyewe. Nawaambia nimezifua."

Nikafuta mikono, nikachukua kishikwambi, nikatafuta mahali pa kubonyeza. Kisha nikakishusha.

"Zilete hapa kwanza nizinuse," nikamwambia. "Hii inakwenda darasani."